Kabla ya Kupaka Rangi Plastiki za Gari, Zing'oe Kwanza

Mto Nzoia ulifurika Budalang'i mwaka wa 2007, na tena 2020. Maji hupungua, lakini tope halitoki lote. Sehemu yake hujificha nyuma ya plastiki nyeusi zinazozunguka matao ya magurudumu na sehemu za chini za milango. Tope hilo hushika unyevu kwa muda mrefu, na polepole kutu hula bati bila mwenye gari kuona.

Plastiki zenyewe hupaushwa na jua hadi zikawa kijivu. Wengi huzipaka rangi zikiwa bado garini. Gari hupendeza kwa wiki chache, kisha rangi hubanduka kama maganda, na kutu inaendelea na kazi yake ndani. Kwa hivyo kazi hii ina faida mbili ukiifanya ipasavyo: kuokoa bodi na kurudisha sura ya gari. Zifuatazo ni hatua za kufuata.

1. Kung'oa. Osha gari kwanza. Piga picha za kila upande kwa simu ili ukumbuke kila kitu kilipokuwa. Tafuta skrubu zote, hasa zile za ndani ya tao la gurudumu, uzifungue kabla ya kuvuta chochote. Kisha legeza klipu moja baada ya nyingine kwa kabari ya plastiki au bisibisi iliyofungwa kitambaa. Plastiki baridi huvunjika upesi, kwa hivyo fanya kazi jua likiwa limeipasha, au iwekee kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Usitumie moto. Ikiwa bampa ina sensa au taa, chomoa nyaya zake kwanza. Weka klipu na skrubu kwenye mkebe, na ununue mpya badala ya zilizovunjika.

2. Kutibu bati. Ondoa tope lote na uache pakauke. Sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi bati safi lionekane, kisha paka praima ya kuzuia kutu na rangi juu yake. Bati likiwa limetoboka, mwone fundi wa kuchomea. Usizibe tundu kwa plastiki na kusema kazi imekwisha.

3. Kusafisha plastiki. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Plastiki iliyozoea kung'arishwa kwa dizeli, mafuta au dawa ya kung'arisha tairi haishiki rangi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, isuuze, ikauke, kisha uipanguse kwa spiriti. Safisha kabla ya kupiga msasa, kwa maana msasa husukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Usitumie petroli: huacha mafuta, na cheche moja tu yaweza kuleta maafa.

4. Kupiga msasa. Tumia msasa nambari 320 au 400 hadi uso wote upoteze mng'ao, kisha pangusa vumbi.

5. Praima ya plastiki. Geuza kipande utazame nyuma. Mara nyingi utaona alama kama PP au ABS. PP ni polipropilini, plastiki ambayo rangi ya kawaida haiishiki. Uliza duka la rangi za magari praima maalumu ya plastiki, upulize tabaka jembamba, na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kupaka rangi.

6. Rangi. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka jembamba mbili au tatu, ukingoja kama dakika 15 kati ya moja na nyingine. Tabaka moja zito hutiririka. Karibu na ziwa, afadhali kazi ifanywe asubuhi kabla upepo haujaanza kurusha vumbi. Vaa barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi, na kaa mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

7. Kurudisha. Ngoja angalau siku moja. Bandika kipande cha selotepu mahali pasipoonekana, kisha ukivute kwa nguvu. Kikitoka na rangi, rudi hatua ya tatu. Kikitoka kisafi, funga plastiki mahali pake. Usipige gari maji ya mashine kwa wiki moja.

Maji yenye mafuta, rangi na vumbi la msasa yasimwagwe mtoni, ziwani wala kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na maji hayo hayo ndiyo tunayovulia samaki.

Madereva wa magari ya umma wapate idhini ya afisa wa uchukuzi kabla ya kugusa chochote.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Januari na Februari, kabla ya mvua ya masika. Hata kama huna pesa za rangi mwaka huu, ng'oa plastiki, toa tope, tibu kutu na uzirudishe. Rangi inaweza kusubiri, kutu haisubiri.