Umehamishiwa Dodoma? Anza kwa kuuliza

Barua ya uhamisho ikishafika, watu huhangaikia lori la mizigo, nyumba ya kupanga na shule ya watoto, kisha hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Tangu Rais Magufuli atangaze Julai 2016 kwamba Serikali itahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa ukisubiri tangu 1973, familia nyingi zimetoka Dar es Salaam na kujikuta kwenye mji wenye mvua yake, maji yake na chakula chake. Nimewaona waliotulia haraka na walionung'unika hadi leo. Cheo na mshahara havikuwatofautisha sana. Waliotulia walikuwa waulizaji.

Jizoeze basi jambo moja tangu wiki ya kwanza: kila ulimi unapotaka kusema "Dar hatufanyi hivi", ligeuze neno hilo liwe swali kwa mwenyeji. Samaki wa baharini ni ghali? Nenda soko la Majengo, mwamkie mama anayeuza mlenda, umwulize unapikwaje. Atakueleza kuwa upo wa majani mabichi na upo uliokaushwa ukasagwa, na kwamba huliwa kwa ugali wa uwele au mtama. Ukiendelea kumwuliza kwa nini mboga ikaushwe, utaelewa mengi: mvua ya huku ina msimu mmoja tu, Desemba hivi hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni kiangazi. Mtu aliyelelewa na masika na vuli hawezi kulijua hilo kwa kutazama dirishani. Swali la mboga limekupa kalenda ya mkoa mzima, na mama yule sasa anakufahamu. Ukijifunza na salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", utaona nyuso zinavyofunguka, hata ukiitamka vibaya.

Kuhusu maji, uliza kabla ya kulipa kodi ya nyumba. Yanatoka siku zipi? Kuna tangi? Ni ya bomba au ya kisima? Baadhi ya visima vina maji ya chumvi, na sabuni hugoma kutoa povu. Nunua sweta pia. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwashangaza sana watu wa Pwani. Mafuta ya kujipaka yawe karibu, maana hewa ni kavu.

Kubadilika hakukudai uache kila kitu. Chagua mambo mawili ya nyumbani usiyoyagusa, labda pilau ya Ijumaa na kwaya au darsa lako, halafu mengine yote yaache wazi yapangwe upya na mahali hapa. Watoto nao waruhusu waseme wamewakumbuka marafiki zao. Usiwanyamazishe kwa kuwaambia watazoea. Mpe kila mmoja kazi ya kuleta mezani jambo moja jipya alilolisikia shuleni au mtaani. Mtoto anayetafuta habari ya kusimulia huanza kuutazama mtaa kwa macho mengine.

Kishawishi kikubwa siku hizi ni treni. Tangu 2024 reli ya kisasa inakufikisha Dar kwa saa chache, na wengi huondoka kila Ijumaa jioni. Nawaelewa, hasa ambao wenza wao wamebaki kule. Lakini mwisho wa wiki ndipo penye harusi, vikao vya mtaa na kutembeleana, kwa hiyo anayeondoka kila Ijumaa hubaki mgeni hata akikaa miaka. Bakiza angalau wikiendi mbili za mwezi, hasa mwanzoni.

Kiwanja usikinunue kiangazi. Dalali atakupeleka Agosti, ardhi ikiwa kavu na kila mahali pakionekana pazuri. Subiri mvua ipite msimu mmoja ukiwa umepanga. Rudi siku ya pili baada ya mvua kubwa, uone maji yalipopita. Zikague kuta za nyumba za jirani, kwa sababu yapo maeneo ambayo udongo wake wa mfinyanzi hutanuka na kusinyaa hadi nyumba zikapasuka. Kisha mtafute mzee aliyeishi hapo muda mrefu, umwulize mbona yeye hakujenga upande ule.