Dondoo muhimu: WiFi ifike chumbani bila nyaya kuning'inia

Kuta za tofali za saruji, na zaidi zile nene za mawe ya matumbawe kama za Mji Mkongwe, humeza mawimbi. Kabla ya kununua chochote, hamisha ruta kwanza.

1. Iweke katikati ya nyumba, juu na mahali pa wazi, si sakafuni wala nyuma ya TV.
2. Iepushe na friji, kioo kikubwa na maikrowevu.
3. Chumba cha mbali kitumie 2.4 GHz; 5 GHz ina kasi zaidi, ila hupenya ukuta kwa shida.
4. Ekstenda iweke katikati ya njia, kati ya ruta na chumba hicho. Wengi huichomeka kwenye chumba kisicho na mtandao, na hapo haina cha kusambaza.
5. Ghorofa? Nunua ruta za meshi, moja kila ghorofa, karibu na ngazi.
6. Waya ukilazimu, upitishe darini au ndani ya tranki nyembamba ya kufichia nyaya, kisha ipake rangi ya ukuta.
7. Usiupitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme, hata fundi akisema “haina shida”.
8. Waya wa faiba usiukunje kona kali: ndani ni kioo.