Kijana Mzito wa Kusoma na Afya ya Nafsi Yake

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyejua hesabu vizuri lakini akashindwa kusoma maneno mepesi, ingawa macho yake yalikuwa mazima. Mwalimu wake alisema kwamba angalikuwa hodari kupita wote shuleni kama masomo yote yangalitolewa kwa mdomo. Hali hiyo leo huitwa disleksia. Mara nyingi huandamana na ugumu wa kutuliza mawazo, na wala si uvivu, neno ambalo sisi walimu huwa wepesi mno kulitumia.

Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo. Kwa hiyo kijana wa namna hii husoma, lakini polepole, silabi kwa silabi, na afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Katika shule za Mamba, milimani Upare, ni rahisi kuitupia lawama lugha ya nyumbani, Chasu. Lakini wenzake nao huzungumza Chasu nyumbani, na wanasoma. Tumwambie asimulie hadithi aliyosomewa; akiisimulia kwa ukamilifu, tatizo limo katika maandishi, si katika kuelewa. Pengine huyo huyo hukokotoa kichwani bei ya tangawizi ya shambani kwao.

Mtaala wa mwaka 2015 ulikazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili. Aliyepita hapo bila kusoma kwa wepesi huingia madarasa ya juu akiwa na siri. Tutazame zoezi la kusoma kwa zamu. Kijana huhesabu wanafunzi walio mbele yake, akatafuta sentensi itakayomwangukia, akaikariri kwa kunong’ona. Hasikii lolote linalosomwa na wengine. Zamu ikikaribia huomba ruhusa ya kwenda msalani, au hufanya utundu ili atolewe nje, kwa maana kwake ni heri kuitwa mtundu kuliko mjinga. Msichana huenda akanyamaza tu, na ukimya wake tukauhesabu kuwa adabu njema. Aibu ya kila siku huzaa wasiwasi, utoro na huzuni nzito.

Basi asisomeshwe mbele ya darasa kwa ghafula. Apewe aya yake tangu jana. Kazi ndefu igawanywe vipande vifupi, na maswali mengine ajibu kwa mdomo. Akae mbele, mbali na dirisha. Mazoezi ya silabi ngumu kama mbw, nyw na ng’ afanye faraghani, dakika kumi kila siku. Fimbo haimfundishi silabi hata moja.

Asipolala, akijitenga na rafiki zake, au akitamka kwamba heri afe, tusimfanyie mzaha wala kumwacha peke yake. Siku hiyo hiyo mwalimu mkuu na wazazi waarifiwe, kijana apelekwe kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya wilaya huko Same. Mzazi aelezwe kwa upole, bila kijana kusimamishwa mbele yake kama mshtakiwa.