ULIZA KABLA HUJAADHIBU
Somo kwa wazazi, walezi na viongozi wa vijiji vya mpakani

Katika toleo hili hatuzungumzii wizi wa mifugo wala magendo. Tunamzungumzia kijana aliye nyumbani kwako ambaye siku hizi hasemi, au ambaye kila asemalo ni ugomvi.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, niliitwa sokoni kumkamata mvulana aliyepigana mara ya tatu katika juma moja. Nilimkaripia, nikamwita mhuni, wala sikumwuliza swali hata moja. Mwenzangu, askari mwanamke aliyenizidi umri, alimpa chai, akamwuliza, "Mwanangu, unalala usiku?" Mvulana akaangua kilio. Alikuwa amevuka mpaka bila baba yake, na kila usiku aliyaona tena yaliyompata mzazi huyo njiani. Mimi niliona utundu; mwenzangu aliona jeraha.

1. Kwa nini somo hili latuhusu

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwetu mpakani mizigo ni mingi zaidi. Baada ya vita kuzuka upya Juba mnamo Julai 2016 na kuenea hadi Yei, familia nyingi zilikimbilia upande wetu. Leo vijana wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule hukaa darasa moja na wenyeji, nao wenyeji wana taabu zao: karo isiyopatikana, mimba za mapema, na ulevi wa wazazi.

Wazee wengine husema, "Sisi tulikimbilia Kongo na Sudan baada ya 1979, tukalala porini, mbona hatukuugua?" Kwa heshima zote, wazee wetu, wengi waliugua, ila hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Wengine waliuzamisha uchungu wao katika pombe, na matunda yake tunayaona vituoni hadi leo.

2. Dalili za kuangalia

Huzuni ya siku moja si ugonjwa. Yatupasa kushtuka mabadiliko yanapodumu majuma mawili au zaidi:
- kujitenga na marafiki na kuacha mambo aliyoyapenda;
- kukosa usingizi au hamu ya kula, au kulala mno;
- hasira za ghafla, kupigana, kutoroka shule;
- kuanza waragi, mairungi au bangi;
- kulalamika kichwa na tumbo ilhali kituo cha afya hakioni ugonjwa;
- kusema kwamba yeye ni mzigo, kugawa vitu vyake, au kuaga bila sababu. Dalili hizi za mwisho ni za hatari, usingoje kesho.

3. Hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha

Hatua hizi zimo katika mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Hazihitaji shahada.

*Tazama.* Je, yu salama sasa? Dawa za wadudu, za panya, na vidonge vifungiwe mahali asipofika. Akionekana yu hatarini, asiachwe peke yake.

*Sikiliza.* Chagua mahali pa faragha na wakati usio na haraka. Sema, "Mwanangu, naona siku hizi huli wala huchezi na wenzako. Sina hasira nawe. Nataka kujua una nini moyoni." Kisha nyamaza. Usimlinganishe na ndugu zake, wala usimwambie ajikaze. Ukihofia kwamba anawaza kujiua, mwulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humfungulia mlango.

*Unganisha.* Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Koboko. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Namba 116 ya msaada kwa watoto haina malipo. Kama mmezoea kumwendea mchungaji, sheikhe au mzee wa ukoo, mwendeeni pia, lakini hospitali isiachwe.

Asiwepo wa kusema kwamba kazi hii ni ya madaktari tu. Huko Rhino Camp, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walifunzwa namna ya kukabili msongo wa mawazo kwa masomo matano ya kusikiliza yaliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa dhiki ya wanawake hao ilipungua. Mama aliyepata nafuu humsikiliza mwanawe vema zaidi.

4. Kuhusu polisi

Hapa nitasema bila kuficha. Sheria ya Adhabu ya Uganda ingali inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hofu hiyo, baadhi ya familia humficha mtoto aliyekunywa sumu hadi asiweze tena kuokolewa. Msifanye hivyo. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 212, inapoorodhesha kazi za polisi, huanza na kulinda maisha na mali. Mkimbizeni mtoto hospitali kwanza. Maswali yatafuata baadaye. Mkikosa usafiri, pigeni 999 au 112. Mkihitaji ushauri, ombeni kuonana na afisa wa Kitengo cha Ulinzi wa Watoto na Familia katika kituo cha polisi.

Maswali ya kujadiliana kijijini

1. Ni kijana gani katika ukoo wetu aliyebadilika tangu msimu uliopita, na nani amekwisha kumwuliza?
2. Dawa za shamba na za panya nyumbani mwetu zimewekwa wapi?
3. Mtoto akihitaji kufikishwa hospitali usiku, ni nani mwenye pikipiki atakayeitwa?

Mwenyekiti wa LC 1 na asome maswali haya katika kikao kijacho. Nawe, msomaji, usingoje kikao: jioni ya leo, kabla ya kukaripia, uliza.