Kubuni Rola Kosta: Kazi Inaanzia Kwenye Breki

Kijana anayetamani kubuni rola kosta, yale mabehewa ya burudani yanayopanda, kuporomoka na kupinduka juu ya reli, huanza kwa kuchora mizunguko ya kutisha. Hakuna ubaya. Ila mwajiri halipii mchoro. Anamlipa mtu anayeweza kuthibitisha kwa hesabu kwamba abiria atashuka shingo ikiwa nzima.

Chukua kile kitanzi ambamo watu hupita miguu juu, kichwa chini. Mwaka 1895 kule Coney Island, New York, kulikuwa na Flip Flap Railway yenye kitanzi cha duara kamili, nayo ikajipatia sifa mbaya ya kuumiza watu shingo. Sababu yake ni fizikia ya sekondari. Treni huwa na kasi kubwa zaidi ikiwa chini ya kitanzi. Katika duara kamili, hata kasi ikiwa ya kutosha tu kuivusha kileleni, pale chini abiria huhisi uzito wake mara sita: mwenye kilo 60 anagandamizwa kitini kama mwenye kilo 360. Mhandisi Mjerumani Werner Stengel, akifanya kazi na mtengenezaji Anton Schwarzkopf, aliikwepa shida hiyo kwa kitanzi chenye umbo la tone la maji, mkunjo wake mpana chini na mwembamba juu. Kilianza kubeba watu mwaka 1976 huko California, kwenye rola kosta iitwayo Revolution.

Huo ndio upande unaosifiwa. Upande unaokula muda ni magurudumu, vyuma vya kumshikilia abiria, na breki. Reli hugawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu. Ya mbele ikichelewa kuondoka, ya nyuma hukamatwa. Breki nyingi za aina hiyo hubanwa na springi na kufunguliwa kwa hewa, hivyo umeme ukikatika hubaki zimebana. Kabla mtu yeyote hajapanda, treni huzungushwa tena na tena ikiwa imebeba midoli iliyojazwa maji.

Kwa hiyo, ukiwa sekondari, shika hisabati na fizikia; kwa Tanzania mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndio njia iliyonyooka. Chuoni chagua uhandisi mitambo, uhandisi ujenzi au uhandisi umeme, na usihangaike kutafuta shahada yenye jina la rola kosta. Kampuni za kazi hii ni chache na kila moja huajiri watu wachache. Shahada pana itakulisha hata mlango huo usipofunguka.

Kampuni zenyewe nyingi ziko Ulaya: Mack Rides mjini Waldkirch, Ujerumani; Bolliger & Mabillard mjini Monthey, Uswisi; Intamin huko Liechtenstein; Vekoma huko Uholanzi. Marekani ipo Great Coasters International, maarufu kwa zile za mbao. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwa nini Kijerumani kina faida. Goethe-Institut wanakifundisha Dar es Salaam na Nairobi. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, lakini uliza kwanza: jimbo la Baden-Württemberg, ambako ndiko Waldkirch iliko, huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Jisomee viwango mapema. Ulaya wanafuata EN 13814. Marekani ni vile vya kamati ya F24 ya ASTM, iliyoanzishwa mwaka 1978. Humo ndimo imeandikwa mwili wa binadamu uruhusiwe kubeba nguvu kiasi gani, kwa upande upi na kwa muda gani. Mwombaji anayevijua huzungumza lugha moja na anayemhoji.

Programu ya NoLimits 2 itakuruhusu kujenga reli kwenye kompyuta na kuipanda. Ni nzuri kwa mazoezi, ila video peke yake haitoshi. Ambatanisha kurasa mbili tatu za hesabu: kasi katika kila pointi, nguvu anayoipata abiria, na kwa nini nguzo moja ina unene ulioupa.

Upo pia mlango wa nyuma, nao hauna aibu. Rola kosta zinahitaji mafundi na wakaguzi wanaokagua reli, magurudumu na boliti asubuhi kabla ya geti kufunguliwa. Ghuba kuna kazi za namna hiyo. Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, hufikia kilomita 240 kwa saa, na mitambo ya kasi hiyo haiachwi bila mwangalizi. Anayetokea kwenye lifti, kreni za bandarini au reli ya SGR tayari ameshughulika na breki, uchovu wa chuma na mifumo ya usalama. Kwenye barua ya maombi, aweke hayo aya ya kwanza, mapenzi yake kwa rola kosta yafuate.