Dondoo muhimu: Linda kifua chako na kuvu za nyumbani

Mvua za masika, Machi hadi Mei, huacha madoa meusi kwenye kuta za nyumba nyingi Mkoani, Pemba. Madoa hayo ni kuvu. Chembe zake zikivutwa huamsha mzio na kuzidisha pumu, hata kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hatari hii mwaka 2009.

• Jichunguze. Ukipiga chafya, pua ikiziba au kifua kikibana ukiwa ndani, kisha ukapata nafuu nje, kishuku chumba chako.

• Ondoa chanzo. Ziba bati linalovuja na elekeza maji ya paa mbali na msingi. Ukipaka chokaa juu ya ukuta mbichi, kuvu hurudi.

• Pitisha hewa. Sogeza kabati na kitanda mbali kidogo na ukuta. Jua likitoka, fungua madirisha, anika godoro, mito na mikeka.

• Usilale na unyevu. Karafuu ambazo hazijakauka na nguo mbichi zisiwekwe chumbani.

• Safisha kwa uangalifu. Vaa barakoa, sugua kwa maji ya sabuni, kisha kausha. Usichanganye klorini na siki. Mvuke wa mchanganyiko huo hudhuru mapafu. Mwenye pumu asaidiwe kazi hii.

• Usichelewe. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta karibu. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, wahi Hospitali ya Abdalla Mzee au kituo cha afya kilicho karibu.