Waridi la shangazi, piyoni za wifi

Mwanangu S. wa Tabata,

Kwanza hongera. Umeandika kurasa mbili, na nusu ya ukurasa tu ndiyo inayohusu maua. Iliyobaki ni ya watu. Ndoa yako ni Jumamosi ya pili ya Februari, kanisani saa nane mchana, kisha ukumbini. Unataka shada la kizamani la kulaza mkononi: waridi jeupe lenye vikonyo virefu, limefungwa utepe, basi. Wifi yako mtarajiwa ameshaiambia kamati kwamba litakuwa la piyoni kutoka nje. Mama mkwe anataka ya plastiki yasiyonyauka. Shangazi yako wa Usa River anasema atakuletea waridi la shambani. Unaniuliza ufanye nini ili asiudhike mtu. Tuanze na maua, ya watu nitayafikia.

Shada lenyewe

Shada la namna hii halina pa kujificha. Lile la mviringo likikosewa, majani na vimaua vidogo hufunika aibu. Hili vikonyo vinaonekana vyote, na kilichopinda kitaonekana kimepinda. Tafuta waridi la kikonyo kilichonyooka cha sentimita 60 hivi. Kama wewe ni mfupi, 50 zinatosha, la sivyo shada litakubeba wewe. Kumi na mbili ni mengi, kumi yanapendeza. Yale marefu hulazwa nyuma, mafupi mbele, mgongo wa shada ukabaki bapa ili likae vizuri kwenye mkono.

Rangi sasa. Umesema gauni ni la rangi ya maziwa. Ukiliwekea waridi jeupe pe, gauni litaonekana limefuliwa vibaya, na picha haziombi radhi. Chukua waridi la rangi ya krimu. Tena jeupe pe likiguswa tu linaingia doa la kahawia. Krimu inavumilia zaidi.

Piyoni

Wifi yako hana nia mbaya. Ameziona kwenye simu, nazo ni nzuri kweli. Lakini mmea wa piyoni hauchanui bila kulala kwenye baridi kali ya miezi kadhaa, na Dar es Salaam baridi hiyo tunaisikia kwenye redio. Ulaya huchanua sana Mei na Juni. Kwa hiyo ua la Februari ni la kusakwa mbali na kulipiwa ndege, kisha lifike kwenye joto letu la kiangazi, lipanuke lote kwa mkupuo na kuanza kudondosha petali kabla ya keki. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Plastiki

Mama mkwe anafikiria gharama, na ana haki. Ila mkononi mwa bibi harusi, mpiga picha akisogea karibu, plastiki inajitangaza. Mwombe asimamie mapambo ya ukumbini; kule yatakaa usiku kucha na hakuna atakayeyanusa.

Waridi la Usa River, na hatari zake

Hapa ndipo nataka usome polepole. Mashamba ya maua ya upande ule wa Arusha yako mwinuko wenye usiku wa baridi, ndiyo maana vikonyo vyake hurefuka na vichwa vikajaa. Lakini Februari 14 ni siku ya wapendanao, na Ulaya wanayahitaji maua hayohayo. Wiki zile bei hupanda, na yaliyonyooka ndiyo ya kwanza kupakiwa kwenye ndege. Shangazi akienda kuomba Alhamisi yenyewe ya kusafirisha atapewa mabaki. Aagize mapema, na aongeze mawaridi matano juu ya yale kumi, maana njiani hayakosi ya kuvunjika.

Yachumwe yakiwa bado yamefumba. Mwambie abonyeze kichwa cha ua taratibu kwa chini: kikiwa kigumu, lichukue, kikibonyea, ni la juzi. Petali za nje zenye michubuko zisimtishe, hutolewa siku ya kufunga shada.

Ayasafirishe Alhamisi, ndani ya katoni yenye matundu, vikonyo vimefungiwa kitambaa kibichi. Na amwambie kondakta wa basi katoni isiwekwe pamoja na ndizi wala parachichi. Nawajua abiria wa Arusha, buti huwa soko. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayoharakisha maua kunyauka, na ndani ya buti lenye joto hasara huja upesi. Kwa sababu hiyohiyo usiyaweke kwenye friji ya nyumbani yenye maembe.

Yakifika, kata ncha za vikonyo sentimita mbili kwa mshazari, kwa kisu kikali, si mkasi butu unaoponda. Ondoa majani yote yatakayozama, maana yakiozea majini huchafua maji na kikonyo hakinywi tena. Tumbukiza kwenye ndoo safi, weka chumba chenye kivuli, mbali na feni. Miiba itolewe Jumamosi asubuhi kwa kitambaa kinene bila kukwangua ngozi ya kikonyo. Kabla ya kuyashika, yafutwe maji; sateni hailisahau tone.

Kama mtu atakushauri uongeze lili, kubali kwa sharti moja: vile vichwa vyenye chavua ving'olewe kabla havijapasuka. Doa la chavua kwenye gauni halitoki kwa kusugua, huzidi kuingia.

Neno ambalo hutalipenda

Mwanangu, umekaa kimya kwenye kikao huku wifi akitaja piyoni, na kamati imechukua kimya chako kuwa ndiyo. Akishalipa malipo ya awali, utaingia kwenye ndoa ukiwa na deni la heshima kwa dada wa mumeo, na michango ya watu itakuwa imeteketea kwa maua ya saa tatu. Hasira yake ya leo ni ndogo kuliko deni hilo. Usimtume mchumba wako akaseme, itaonekana umemtuma. Nenda mwenyewe, mshukuru, umweleze kama nilivyokueleza. Kisha umpe kazi: atengeneze shada dogo la kurusha, maana vikonyo vya sentimita 60 ukivirusha nyuma utamtoboa mtu jicho.

Mama mkwe mwamkie na umwombe yale ya ukumbini kabla hajasikia kwa mwingine. Shangazi mpigie leo, umtajie rangi, urefu na siku, na umtumie pesa ya katoni na nauli. Asigharimie kila kitu eti kwa sababu ni ndugu.